Kukuza Skrini kwa Zana za Ndani ya Kompyuta: Ufafanuzi wa Mbinu Nne na Athari Zake katika Usomaji wa Tasnifu za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna zana zilizomo ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta zinavyoweza kumsaidia msomaji mwenye uoni hafifu kusoma matini ndefu za Kiswahili, hususani tasnifu. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kukuza, kama kinavyotumika katika maelekezo ya kompyuta kwa Kiswahili, kinabeba shughuli nne zinazotofautiana kiufundi: kuongeza herufi, kupanua onyesho, kukuza ukurasa na kukuza skrini. Tatu za kwanza huichora upya matini. Ya nne huikuza picha iliyokwisha kuchorwa. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo msomaji atasoma kwa kushuka tu au atalazimika kusogea kulia na kushoto katika kila mstari. Makala inaonesha kwa hesabu na kwa mifano ya vitenzi vya Kiswahili kuwa mofolojia ya lugha hii huufanya uchaguzi wa mbinu kuwa na uzito wa pekee. Mwisho inapendekeza mpangilio wa hatua kwa msomaji, na masharti ya uandaaji wa faili kwa watahini na wasimamizi wa hazina za tasnifu.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi zinazoandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki husomwa leo kwenye skrini. Mtahini hupokea faili, mtafiti hupakua faili kutoka hazina ya chuo, na mwanafunzi husahihisha sura zake akiwa mbele ya kompyuta. Mabadiliko haya yamewanufaisha wasomaji wenye uoni hafifu, kwa kuwa maandishi ya skrini hubadilika ukubwa ilhali maandishi ya karatasi hayabadiliki. Hata hivyo, manufaa hayo hayaji yenyewe. Hutegemea mambo mawili: msomaji ajue ni zana ipi inafanya nini, na faili liwe limeandaliwa kwa namna inayoiruhusu zana hiyo ifanye kazi.

Kwa mujibu wa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona wa kiwango cha kati iwapo uwezo wa jicho lake lililo bora uko chini ya 6/18 lakini haujashuka chini ya 6/60. Kiwango kikubwa ni chini ya 6/60 hadi 3/60, na chini ya 3/60 huitwa upofu. Kipimo cha 6/60 kina maana kwamba mtu huona akiwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kutoka mita 60. Kwa lugha ya ukuzaji, anahitaji umbo lililo kubwa mara 10 ili apate undani uleule.

Kundi hili ni pana. Wamo watu wenye ualbino, ambao kwa kawaida huwa na uoni hafifu kwa sababu sehemu ya retina inayohusika na undani haikukamilika kukua, jambo ambalo miwani haiwezi kulirekebisha kikamilifu. Wengi wao pia huwa na mtikisiko wa macho usio wa hiari na huumizwa na mwanga mkali. Wamo wenye shinikizo la macho, wenye madhara ya kisukari katika retina, na wale ambao uwezo wao wa kuona karibu umepungua kwa umri. Kundi hili la mwisho si la pembeni katika taaluma: maprofesa wanaotahini tasnifu aghalabu wamevuka umri ambao macho huanza kuhitaji msaada. Kwa hiyo, mada hii inamhusu mtahini sawasawa na inavyomhusu mtahiniwa.

Mazingira ya kisheria yako wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 9, unaweka wajibu wa ufikivu wa habari na teknolojia ya mawasiliano. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, katika Ibara ya 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Kinachobaki ni swali la utendaji, nalo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Kwa Nini Zana za Ndani?

Zipo programu za kulipia zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya kukuza skrini, kama vile ZoomText. Programu hizo zina uwezo mpana, lakini huhitaji leseni na ruhusa ya kusakinisha. Katika chumba cha kompyuta cha chuo, ambako mwanafunzi hutumia mashine yoyote iliyo wazi, ruhusa hiyo kwa kawaida hana. Zana za ndani hazina kikwazo hicho. Zimo katika mfumo endeshi tangu mashine ilipowashwa mara ya kwanza, hazihitaji intaneti wala malipo, na katika Windows hupatikana hata kwenye ukurasa wa kuingilia kabla mtumiaji hajaandika nywila.

Zana hizi si ngeni. Kikuza skrini kiliingizwa ndani ya Windows katika toleo la Windows 98. Wakati huo kilikuwa ukanda mmoja tu juu ya skrini unaoonesha kwa ukubwa sehemu iliyo karibu na kiteuzi. Katika Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ziliongezwa namna mbili nyingine: kukuza skrini nzima na kukuza kwa lenzi inayofuata kipanya. Mifumo ya macOS, Linux, Android na iOS nayo ina zana za aina hii. Kwa hiyo, tatizo la msingi si kukosekana kwa zana. Tatizo ni maarifa ya kuzitofautisha, na hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

3.0 Kitenzi Kimoja, Shughuli Nne

Katika Kiswahili, kukuza ni kufanya kitu kikue. Tunakuza mtoto, tunakuza lugha, tunakuza uchumi, na tunakuza picha. Upana huu wa maana ni utajiri katika matumizi ya kila siku, lakini katika maelekezo ya kiufundi huzaa utata. Mwanafunzi anayeambiwa "kuza maandishi" anaweza kufanya lolote kati ya mambo manne yafuatayo, na kila moja litamletea matokeo tofauti.

Kuongeza herufi. Hapa mfumo endeshi huamriwa kuandika maandishi yake kwa ukubwa zaidi, huku picha na vitufe vikibaki takribani vilivyokuwa. Katika Windows 10 na Windows 11, kipimo hiki huanzia asilimia 100 hadi 225. Hubadilishwa kwenye mipangilio ya ufikivu, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi U. Athari yake hutofautiana toka programu moja hadi nyingine, kwa kuwa si programu zote zinazotii kipimo hicho.

Kupanua onyesho. Hapa kila kitu hupanuliwa kwa uwiano mmoja: herufi, vitufe, menyu na picha. Kwa kuwa herufi huchorwa upya kutokana na kanuni ya umbo lake, kingo zake hubaki kali. Gharama yake ni nafasi. Skrini yenye pikseli 1366 kwa 768, ambayo ni ya kawaida katika kompyuta mpakato za bei ya chini, ikipanuliwa kwa asilimia 175 hubaki na nafasi sawa na ya skrini yenye takribani pikseli 780 kwa 439. Baadhi ya visanduku vya programu za zamani havitoshei humo, na kitufe cha kuhifadhi kazi kinaweza kuangukia nje ya ukingo wa chini.

Kukuza ukurasa. Hii hufanyika ndani ya programu moja bila kugusa nyingine. Katika kivinjari, kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha huongeza ukubwa, na Ctrl pamoja na sifuri hurudisha hali ya awali. Chrome hufika asilimia 500, na kichakata matini cha Word nacho hufika hapo. Sifa muhimu ya kivinjari ni kwamba ukurasa ulioundwa vizuri hupangwa upya kadiri unavyokuzwa: mistari hukatwa upya ili itoshee upana uliopo. Word hufanya vivyo hivyo ikiwekwa katika mwonekano wa wavuti. Ikibaki katika mwonekano wa ukurasa wa kuchapa, mistari haikatwi upya na sehemu yake hutoka nje ya skrini.

Kukuza skrini. Hapa mfumo huchukua picha ya skrini iliyokwisha kuchorwa na kuipanua, kama mtu anayeweka kioo cha kukuzia juu ya gazeti. Hakuna mstari unaopangwa upya. Kinachoonekana ni kipande tu cha skrini, na msomaji hukisogeza kwa kipanya au kwa kibodi. Katika Windows, kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hukiwasha kikuza skrini na kuongeza ukubwa, pamoja na alama ya kutoa hupunguza, na pamoja na Esc hukizima. Ukubwa huanzia asilimia 100 hadi 1600. Katika macOS, baada ya kuruhusu njia za mkato kwenye mipangilio, vitufe vya Option, Command na 8 huwasha na kuzima ukuzaji. Katika mazingira ya GNOME ya Linux, kazi hiyo hufanywa na Super, Alt na 8. Katika simu za Android, baada ya kuwasha njia ya mkato, kugonga skrini mara tatu hukuza, na vidole viwili huisogeza picha.

Makala hii inapendekeza istilahi hizo nne zitumike kwa utengano katika maelekezo ya Kiswahili, na tendo la kukata mistari upya liitwe kupanga upya mistari. Pendekezo hili halikusudii kuongeza maneno kwa ajili ya maneno. Linakusudia kumwezesha mwalimu, mkutubi au fundi kutoa elekezo moja lisilo na tafsiri mbili.

4.0 Hesabu ya Kinachoonekana

Ukuzaji wa skrini una kanuni ambayo haikwepeki: ukubwa ukiongezeka mara mbili, eneo linaloonekana hupungua mara nne. Kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, asilimia 200 huonesha eneo la pikseli 683 kwa 384, yaani robo ya skrini. Asilimia 400 huonesha sehemu 1 kati ya 16. Asilimia 800 huonesha sehemu 1 kati ya 64, na kiwango cha juu kabisa, asilimia 1600, huonesha sehemu 1 kati ya 256.

Tuchukue mfano wa ukurasa wa tasnifu uliojaza upana wa skrini, wenye mistari 25, kila mstari ukiwa na herufi 80 zikihesabiwa pamoja na nafasi. Kwa asilimia 400, msomaji huona herufi 20 kwa wakati mmoja. Ili amalize mstari mmoja, anahitaji kutazama vipande vinne, kisha arudi mwanzo kutafuta mstari unaofuata. Ukurasa mmoja humdai vipande 100 na marejeo 25. Tasnifu ya kurasa 250 humdai vipande 25,000 na marejeo 6,250. Kila rejeo ni nafasi ya kupotea, kwa kuwa mwanzo wa mstari hauonekani wakati msomaji akiwa mwishoni mwake. Kwa mtu mwenye mtikisiko wa macho, ambaye kutuliza jicho kwenye picha inayosogea ni kazi yenyewe, gharama hii huongezeka.

Matini hiyohiyo ikikuzwa kwa asilimia 400 katika mazingira yanayopanga upya mistari, kila mstari wa herufi 80 hugeuka kuwa takribani mistari minne mifupi. Msomaji hushuka tu. Marejeo marefu ya kulia kwenda kushoto hutoweka. Ndiyo maana Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, katika toleo lake la 2.1 la mwaka 2018, unadai kwamba maudhui yaweze kusomwa katika upana wa pikseli 320 bila kusogeza ukurasa katika pande mbili. Kipimo hicho ni sawa na skrini ya pikseli 1280 iliyokuzwa kwa asilimia 400. Toleo la awali la mwaka 2008 lilidai tu kwamba maandishi yaweze kuongezwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui. Hatua kati ya matoleo hayo mawili ni kukiri kwamba ukubwa pekee hautoshi, na kwamba namna mistari inavyokaa ni sehemu ya ufikivu.

5.0 Mofolojia ya Kiswahili katika Dirisha Finyu

Kiswahili ni lugha ambishi. Kitenzi kimoja hubeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko, na mzizi hukaa kuelekea mwisho. Sifa hii, inayojulikana sana katika isimu ya Kiswahili, hupata sura mpya matini inaposomwa kupitia dirisha finyu.

Tuchunguze kitenzi hatukuwafundisha, chenye herufi 16. Kwa asilimia 800 katika mfano wetu, msomaji huona herufi 10 tu. Dirisha la kwanza humpa hatukuwafu-, na la pili humpa -ndisha. Katika dirisha la kwanza anajua kuwa tendo limekanushwa, watendaji ni sisi, wakati ni uliopita na watendwa ni wao. Asichokijua ni tendo lenyewe. Linaweza kuwa hatukuwafuata, hatukuwafukuza, hatukuwafungulia, hatukuwafurahisha au hatukuwafundisha. Taarifa zote za kisarufi zimefika, lakini maana ya kileksika iko nje ya ukingo. Msomaji analazimika kuzihifadhi taarifa hizo kichwani, asogeze dirisha, apate mzizi, kisha aunganishe. Katika lugha ambayo maneno yake ni mafupi, dirisha lilelile lingetosha neno zima.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina sifa inayomsaidia msomaji huyuhuyu, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi "Vitabu ambavyo vilihifadhiwa maktabani vimechakaa", nomino vitabu inaweza kuwa imekwisha kutoka nje ya dirisha wakati msomaji anapofika kwenye vimechakaa. Hata hivyo, kiambishi vi- kinamwambia kwamba kinachozungumziwa ni nomino ya ngeli ya KI-VI katika wingi, wala si maktaba. Upatanisho hufanya kazi ya kamba inayomrudisha msomaji kwenye kiima bila kulazimika kurudi nyuma kukitazama. Msaada huu una mpaka. Pale nomino mbili za ngeli moja zinapokaribiana, hasa katika ngeli ya I-ZI yenye nomino nyingi, kiambishi hakitofautishi, na msomaji hulazimika kurudi.

Matokeo mawili yanafuata. Kwanza, msomaji wa Kiswahili anahitaji dirisha lenye angalau upana wa neno refu la kawaida, takribani herufi 16 hadi 20, ili asome kwa maana badala ya kuunganisha vipande. Pili, njia bora ya kupata dirisha hilo kwa mtu anayehitaji ukubwa mkubwa si kuongeza kikuza skrini peke yake, bali ni kugawa kazi ya ukuzaji kati ya mbinu kadhaa.

6.0 Mpangilio wa Hatua Unaopendekezwa

Kanuni inayopendekezwa hapa ni hii: anza na kinachopanga upya, malizia na kinachokuza picha. Ukuzaji huzidishana. Mtu akisogea kutoka sentimita 50 hadi sentimita 25 mbele ya skrini, umbo katika retina huongezeka mara 2 bila gharama yoyote ya nafasi kwenye skrini, mradi macho yake au miwani yake inaweza kulenga umbali huo. Akiongeza ukurasa kwa asilimia 150, jumla ni mara 3, kiasi kinacholingana na hitaji la mtu wa 6/18 anayetaka kuona kile ambacho mwenzake hukiona bila msaada. Mtu wa 6/60 anayehitaji mara 10 anaweza kuzipata kwa kusogea karibu (mara 2), kukuza ukurasa kwa asilimia 250 na kukuza skrini kwa asilimia 200. Kikuza skrini hapo kimebaki katika kiwango cha robo ya skrini badala ya kuangukia sehemu 1 kati ya 100.

Kwa mpangilio huo, msomaji anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni kurekebisha utofautishaji wa rangi. Maandishi ya kijivu juu ya mandhari meupe hayasomeki vizuri hata yakikuzwa. Mwongozo uliotajwa hudai uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Anayeumizwa na mwanga, wakiwamo watu wengi wenye ualbino, anaweza kugeuza rangi ndani ya kikuza skrini cha Windows kwa Ctrl, Alt na herufi I, ili maandishi yawe meupe juu ya mandhari meusi.

Hatua ya pili ni kupanua onyesho hadi pale visanduku vya programu vinapoanza kukaribia ukingo, kisha kurudi nyuma kidogo. Ikiwa kompyuta ni ya kushirikiana na mipangilio hairuhusiwi kubadilishwa, hatua hii irukwe.

Hatua ya tatu ni kuifungua matini katika programu inayopanga upya mistari na kukuza ukurasa humo. Kwa faili la PDF, Adobe Reader ina amri ya kupanga upya kwa Ctrl na 4, lakini hufanikiwa tu iwapo faili lina maandishi halisi na mpangilio unaosomeka na mashine.

Hatua ya nne ni kuwasha kikuza skrini kwa kile kilichobaki: majedwali, michoro, ramani na tanbihi. Katika Windows, Ctrl, Alt na herufi F huleta skrini nzima, Ctrl, Alt na herufi L huleta lenzi, na Ctrl, Alt na herufi D huleta ukanda uliotia nanga juu ya skrini. Ukanda unawafaa wanaochapa, kwa kuwa hubakisha sehemu ya chini katika ukubwa wa kawaida na hivyo mwandishi hapotezi picha ya ukurasa. Anayepotea katika skrini nzima anaweza kubonyeza Ctrl, Alt na nafasi ili aone kwa muda mfupi skrini yote na mahali alipo. Mpangilio wa kufuata kiteuzi cha maandishi uwashwe, vinginevyo mwandishi atachapa mahali asipopaona.

Hatua ya tano ni kupumzisha macho kwa kusikiliza. Tangu mwaka 2020, kikuza skrini cha Windows kina uwezo wa kusoma matini kwa sauti. Thamani yake kwa Kiswahili hutegemea sauti zilizomo katika kompyuta husika, kwa kuwa sauti ya Kiingereza huyatamka maneno ya Kiswahili isivyo.

Ni muhimu kuongeza tahadhari moja. Ukuzaji hauwafai wote wenye uoni hafifu. Mtu ambaye eneo lake la kuona limebaki finyu kama la bomba, jambo linaloweza kutokea katika hatua za mbele za shinikizo la macho, huweza kuumia zaidi kwa herufi kubwa, kwa kuwa herufi chache zaidi hutoshea katika eneo alilobaki nalo. Kwake, utofautishaji mzuri wa rangi na herufi za ukubwa wa wastani ni bora kuliko ukuzaji mkubwa.

7.0 Wajibu wa Mwandaaji wa Faili na Mtahini

Msomaji anaweza kufuata hatua zote na bado akashindwa, ikiwa faili alilopewa ni picha ya karatasi iliyoskaniwa. Picha haina herufi. Ina madoa ya wino. Haiwezi kupangwa upya, haiwezi kusomwa kwa sauti, na ikikuzwa kingo zake huvia. Mtu anayehitaji asilimia 800 hurudishwa kwenye vipande vya herufi kumi, hata kama kompyuta yake ina kila zana. Hivyo, uamuzi unaofanywa siku ya kuwasilisha tasnifu ndio unaoamua nani ataweza kuisoma kwa miaka inayofuata.

Masharti yanayopendekezwa ni machache. Faili litokane moja kwa moja na kichakata matini, si na skana. Ikiwa ukurasa wa saini lazima uskaniwe, uskaniwe huo peke yake. Vichwa vya sura na sehemu viwekwe kwa mitindo ya programu badala ya kukolezwa wino kwa mkono, kwani mitindo hiyo ndiyo inayomwezesha msomaji kuruka kutoka sehemu hadi sehemu bila kuvuka kurasa zote. Lugha ya hati itajwe kuwa ni Kiswahili. Aya zipangwe kwa kuanzia kushoto bila kulazimisha ukingo wa kulia, kwa sababu ukingo uliolazimishwa huacha mapengo kati ya maneno, na mapengo hayo yakikuzwa hufanana na mwisho wa mstari.

Tasnifu za isimu zina mahitaji ya ziada. Mifano ya uchanganuzi wa mofimu huandikwa kwa mistari miwili au mitatu inayolingana kwa nafasi tupu. Mistari ikipangwa upya, ulinganifu huo huvunjika, na maelezo ya ukanushi yanaweza kuangukia chini ya mzizi. Ni salama zaidi kuweka mifano hiyo katika jedwali halisi, au kuiambatanisha na maelezo ya nathari: kwamba ha- ni ukanushi, -tu- ni nafsi ya kwanza wingi, -ku- ni wakati uliopita, -wa- ni mtendwa, -fund- ni mzizi, -ish- ni kiambishi cha usababishi na -a ni kiishio. Michoro ya matawi ya sintaksia nayo iambatane na aya inayoeleza kilichomo. Aya hiyo haimsaidii msomaji mwenye uoni hafifu peke yake. Humlazimisha mtahiniwa aeleze kwa maneno kile anachodai kwa mistari, jambo ambalo mtahini yeyote angelitaka.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kukuza skrini si tendo moja. Kuongeza herufi, kupanua onyesho na kukuza ukurasa huichora upya matini. Kukuza skrini huipanua picha yake. Mbinu ya nne ndiyo inayofika mbali zaidi kwa ukubwa, na ndiyo inayomnyima msomaji muktadha kwa kasi zaidi. Kwa lugha yenye vitenzi virefu kama Kiswahili, upotevu huo huanza mapema, kwa kuwa dirisha huanza kulikata neno kabla halijafikia mzizi. Upatanisho wa kisarufi hufidia sehemu ya upotevu huo lakini haufidii wote.

Utafiti zaidi unahitajika ili kupima kwa wasomaji halisi dhana ya upana wa herufi 16 hadi 20 iliyotolewa hapa, na kulinganisha usomaji wa matini iliyopangwa upya na ile isiyopangwa upya kwa watu wenye hali tofauti za macho. Wakati utafiti huo ukisubiriwa, hatua mbili zinaweza kuchukuliwa bila bajeti mpya: wakutubi na wakufunzi wa kompyuta watumie istilahi nne zilizotenganishwa wanapotoa maelekezo, na hazina za tasnifu zikatae faili la picha pale ambapo faili la maandishi lipo.